Kigelegele Kilichokosekana Nderemo

Ilikuwepo nchi iitwayo Nderemo, na huenda ipo bado, ila raia wake wamekatazwa kuthibitisha. Ilikuwa nchi yenye furaha kuliko zote duniani, na hilo halikuwa la kubishania, maana kubishana kulishafutwa. Jengo refu kuliko yote mjini lilikuwa la Wizara ya Furaha na Mapokezi. Ndani ya wizara hiyo kulikuwa na Kikosi cha Vigelegele, kina mama watupu, wamevalishwa kanga zenye picha ya Mtukufu kifuani. Kazi yao ilikuwa kupanda jukwaani kila Mtukufu alipofungua kitu, au alipofunga kitu, au alipofunga kile alichokifungua mwenyewe juzi.

Mwanamvua ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza. Watu waliiona kazi hiyo ya mchezo, lakini ilikuwa na utaratibu wake. Mtukufu akinyamaza katikati ya hotuba kuvuta pumzi, sauti ya kwanza hupaa peke yake, nyembamba, kali, juu kabisa. Wenzake huifuata bila kufikiri. Uwanja mzima nao hukifuata kikosi kwa makofi na miluzi, bila kufikiri zaidi.

"Ukianza kufikiri umeshachelewa," alikuwa akiwafundisha Bi Tatu, mkubwa wa kikosi, mwanamke mnene mwenye pengo na huruma aliyoificha kama watu wanavyoficha sukari. "Sikio lisikie, ulimi ucheze. Kichwa waachie wenye vyeo."

Siku mambo yalipoharibika, Mtukufu alikuwa amesimama uani mwa hospitali kuu. Nyuma ya jukwaa palikuwa na wodi ya watoto, na humo, kitanda cha dirishani, alilala Idrisa, mtoto pekee wa Mwanamvua. Hata meno alikuwa hajamaliza kuota, na nimonia ilikuwa imemkalia kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Alfajiri Mwanamvua alimnyonyesha, akamfuta jasho, akajifunga kanga ya kazi, akalizunguka jengo na kupanda jukwaani. Alijiambia ana bahati. Ni mama wangapi wanafanyia kazi karibu na wana wao?

"Ndugu wananchi!" Mtukufu alisema. "Magari ya msafara wangu yanateseka. Jua linayapiga. Yana viti vya ngozi, nanyi mnajua ngozi inavyoumia. Kwa hiyo, kwa upendo nilio nao, nimeamua wodi hii ya watoto ivunjwe, na hapa pajengwe kivuli cha magari."

Akanyamaza kuvuta pumzi.

Mwanamvua akafungua kinywa. Ulimi ulikuwepo, pumzi ilikuwepo. Kigelegele hakikutoka. Mpaka leo mwenyewe hawezi kuapa kama alikataa au kama kilikataa chenyewe. Lakini sauti ya kwanza isipoanza hakuna wa kufuata, na kikosi kisipofuatwa na uwanja, Nderemo yote hunyamaza. Ikanyamaza. Redio ilikuwa hewani moja kwa moja, na nchi nzima ikasikia bata wa hospitali wakilia, kisha mtoto mmoja dirishani akikohoa.

Ndipo Bi Tatu alipookoa jahazi kwa kigelegele kizito, cha kukwaruza, kama mlango wa ghala. Watu wakarukia makofi kwa hofu. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

*

Kumkamata walimkamata palepale. Tatizo lilikuwa kumshitaki.

Neno ukaidi lilifutwa kwenye kamusi ya taifa mara tu wanafunzi walipoanza kulielewa. Uasi lilifutwa baada ya Mtukufu kutangaza kwamba hauwezekani. Ubishi, ujeuri na ukinzani yalifutwa yote asubuhi moja, kabla ya chai. Hakimu akabaki amemkodolea macho Mwanamvua, kalamu mkononi.

"Huyu mwanamke amefanya kitu," alisema kwa uchungu. "Lakini kitu chenyewe hakipo."

"Basi niende nikamnyonyeshe mtoto, mheshimiwa?" Mwanamvua aliuliza.

"Nyamaza!" akasema hakimu. Kisha akakumbuka kwamba kunyamaza ndiko kulikomleta, akachanganyikiwa zaidi, akaahirisha kesi.

Serikali ikaamua kuagiza neno kutoka nje. Profesa Kitwana Mlekwa, mwenyekiti wa Baraza la Maneno, alishauri wachukue la Kiingereza. "Wale wamekataliwa na watu wengi, katika mabara mengi," alieleza, "kwa hiyo maneno ya namna hiyo wanayo, tena yamehifadhiwa vizuri." Akapanda ndege kwenda kulileta. Alirudi amelibeba ndani ya kasha la mahameli, na Kikosi cha Vigelegele kikalipokea uwanjani, Bi Tatu akishika sauti ya kwanza kwa shida, jasho likimtoka. Neno lenyewe lilikuwa difayansi.

Baraza likakaa kulisikiliza. Mwanamvua aliwekwa kwenye benchi mbele yao. Walikuwa wakimruhusu kwenda wodini mara moja tu kwa siku, chini ya ulinzi, na saa za kunyonyesha zilipopita maziwa yalimjaa mpaka yakamvuja. Yakapenya kwenye kanga, na picha ya Mtukufu ikaanza kulowa kuanzia machoni.

"Mtukufu analia," mjumbe mmoja alinong'ona, ameshtuka.

"Ni machozi ya furaha," mwenzake alimkata haraka, na wote wakaangalia dari.

Profesa akasafisha koo. "Difayansi ni kukataa waziwazi, mbele za watu, huku ukijua unachokikataa. Mambo hayo yote lazima yawepo. Mtu akikataa moyoni mwake, usiku, kajifunika shuka, hiyo si difayansi. Hayo ni maisha ya kawaida ya raia."

"Safi," akasema Bwana Kasimbazi, Mkuu wa Itifaki, mtu mwembamba aliyezoea kusimama nusu hatua nyuma ya wakubwa hata wakiwa hawapo. "Na matumizi yake?"

Profesa akasita. "Matumizi ndiyo yana taabu kidogo, mheshimiwa. Huko kwao neno hili hulitumia kusifu. Askari kazingirwa, kakataa kusalimu amri: wanasema ana difayansi. Ajuza kagoma kuhama nyumba yake mbele ya mitambo: difayansi. Wengine wanajengewa na masanamu."

"Masanamu!"

Habari ikamfikia Mtukufu kabla ya chakula cha mchana, na kabla ya matunda akawa ameshalitaka neno lile. Kufikia jioni mabango yalikuwa barabarani: MTUKUFU, BABA WA DIFAYANSI. Baraza likakesha kulinyoosha jambo hilo, na asubuhi likatoa mwongozo. Mtukufu atakuwa na difayansi kwa sifa, dhidi ya maadui wa nje. Raia watakuwa nayo kwa kosa. Mwanamvua akaongezewa shitaka la kujivika sifa ya Mtukufu bila kibali.

"Lakini mimi hata kusema sikusema," alilia.

"Ndiyo ubaya wake," Profesa alimjibu, naye alionekana kumhurumia kweli, kama daktari anavyomhurumia mgonjwa ambaye ugonjwa wake utampatia yeye cheo.

*

Kabla ya hukumu, neno lilitakiwa lijaribiwe mahali pengine, waone kama linafanya kazi. Nafasi haikuchelewa.

Wizara ilikuwa ikiandaa sherehe ya kuivunja wodi, na sherehe huhitaji maputo. Gesi ya kuyajaza ikakosekana mjini. Bwana Kasimbazi akakumbuka kwamba wodini kuna mitungi, imesimama tu ukutani, haishangilii chochote. Akaagiza ikaazimwe. Vijana wa Wizara wakaingia na toroli, wakaitoa oksijeni ya watoto, wakajaza maputo yenye rangi za taifa.

Kwenye kitanda kilichopakana na cha Idrisa alilala mtoto wa kike aliyekuwa akipumua kwa mtungi. Jioni hiyo hakupumua tena. Wizara haikukosa utu: ilimpelekea mama yake puto moja, la pole, jekundu, limefungwa utepe.

Asubuhi maputo yakaachiwa uwanjani kwa majaribio. Hayakupaa. Yalianguka chini, yakabingirika kidogo, yakatulia. Kasimbazi akaamuru yaachiwe tena. Yakaanguka tena. Askari wakayarusha kwa mikono, yakarudi taratibu yakalala miguuni mwao, mbele ya waandishi wa habari.

"Yamekataa," Profesa alisema, macho yamemtoka. "Waziwazi. Mbele za watu."

"Na yalikuwa yanajua?" mjumbe mmoja akauliza.

Walijadiliana mpaka saa sita. Mwisho wakakubaliana kwamba kitu kilichokwisha kuamriwa mara tatu hakiwezi kudai hakijui. Maputo yakasimamishwa ukutani na kupigwa risasi. Kila puto lilipopasuka, Bi Tatu na wenzake walipiga vigelegele. Mwanamvua aliisikia milio hiyo akiwa wodini, katika zamu yake ya siku, Idrisa amemng'ang'ania titi. Kila mlio, mtoto alishtuka, akaachia, akatafuta tena kwa mdomo.

"Usiogope, baba," alimwambia masikioni. "Ni upepo tu wanaupiga."

Nesi Apolonia, aliyekuwa akimfunga mtoto wa kitanda cha jirani kwenye shuka, hakuinua kichwa. "Ulikuwa upepo wa huyu," alisema.

*

Sheria ikapita siku hiyohiyo. Ilikuwa fupi, na ilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakaijua: Mtu yeyote atakayenyamaza, waziwazi, mbele za watu, huku akijua, wakati wenzake wanashangilia, ana difayansi, na atakatwa ulimi, kwa kuwa hautumii.

Bwana Kasimbazi akamfuata Mwanamvua mahabusu. Alikuja na soda, akaifungua, akainywa mwenyewe.

"Dada yangu, una bahati. Mtukufu ana kinyongo na kile kimya. Kila akilala anakisikia. Anataka arudi palepale, aseme maneno yaleyale, na wewe upige kigelegele chako palepale ulipokikosa. Redio itakirekodi, wataalamu watakipachika, na ile siku ya kwanza itakuwa haikutokea."

"Na mimi?"

"Utakuwa ulikohoa."

"Na mwanangu?"

"Mtoto wako atahamishiwa Jengo la Viongozi. Huko kuna mashine za kupumulia hata za mbwa."

Mwanamvua alikuwa akiwaza wale watoto wengine, akiwaza puto jekundu. Kisha akawaza kifua cha Idrisa, kinavyobonyea mbavuni kila akivuta hewa, na mawazo mengine yote yakakaa kando.

"Nitapiga," alisema.

"Mama mzuri," akasema Kasimbazi, akaipangusa chupa ya soda na kuirudisha mfukoni.

*

Siku ya sherehe uwanja ulifurika. Katapila lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa wodi, limevishwa maua, dereva wake kavaa tai. Aliambiwa asiguse kitu mpaka Mtukufu atamke kwa kinywa chake: ivunjwe. Mawaziri walikaa jukwaani. Bi Tatu alimpokea Mwanamvua kwa kumvuta shavu kama mtoto mtukutu.

"We mwanamke umenitesa. Koo langu limekuwa kama tupa."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe ukimaliza. Piga, tukale pilau."

Mwanamvua akamtafuta Kasimbazi kwa macho, akamwona, akamsogelea. "Bwana mkubwa, Idrisa wameshamhamisha?"

"Tangu jana. Kihalali wodi haina mtu."

"Yuko kitanda gani huko? Amelala?"

Kasimbazi akamtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya Jumanne. "Dada, Jengo la Viongozi halijajengwa. Kuna bango lake tu. Nimekwambia kihalali amehamishwa. Maelezo mengine ni ya kitaalamu." Na akarudi kwenye nafasi yake, nusu hatua nyuma ya kiti kitupu cha Mtukufu.

Mwanamvua akageuka kuiangalia wodi. Pale dirishani, nyuma ya kioo, Nesi Apolonia alikuwa amesimama, amebeba mtoto kila mkono, akigonga kioo kwa paji la uso. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, na askari wawili. Kihalali hakukuwa na mtu.

Akafikiri kupiga kelele. Nani angemsikiliza mwanamke mmoja? Akafikiri kunyamaza kama siku ile. Bi Tatu angeanza badala yake, kigelegele kingekwisha, na katapila lingenguruma. Sasa alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani, yeye aliyefundishwa kutofikiri. Neno moja tu, ivunjwe, lilitakiwa litoke kwa Mtukufu, na ili litoke lazima asikike.

Mtukufu akapanda. Akapangusa miwani.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaoniuliza, Mtukufu, kwa nini unajitoa namna hii? Nawajibu: nawapenda. Nimewapa maisha yangu. Hata nikifa leo..."

Akanyamaza kwa madoido, mkono juu, kama alivyojizoeza kwenye kioo.

Mwanamvua akaachia.

Kilitoka kigelegele ambacho Nderemo haikuwahi kukisikia, cha harusi saba kwa pamoja, kirefu, kinachometa. Wenzake wakakifuata bila kufikiri. Uwanja ukafuata kikosi. Mawaziri, ambao walikuwa wakisinzia, wakaruka na kupiga makofi. Vumbi likatimka kwa kuchezwa. Nderemo nzima ilishangilia kwa moyo mmoja kufa kwa Mtukufu, na dakika ya kwanza hakuna aliyegundua.

Mtukufu ndiye aliyegundua. Alipunga mkono watulie. Watu waliuona mkono, lakini waliikumbuka na sheria. Nani awe wa kwanza kunyamaza? Kila mmoja alimtazama jirani yake mdomoni, jirani naye akamtazama, na wote wawili wakaongeza sauti. Mtukufu akafoka kwenye kipaza sauti. Hakuna kilichosikika isipokuwa shangwe. Akamkamata waziri wa jirani kwenye ukosi, na waziri, machozi yakimtoka, akaendelea kumpigia makofi usoni.

Profesa Mlekwa alikuwa akipiga miluzi kwa nguvu zake zote wakati akili yake, ambayo haikuweza kujizuia, ilipolifikia jambo la kutisha. Katika uwanja mzima alikuwepo mtu mmoja tu asiyeshangilia wakati wenzake wanashangilia. Amesimama juu, waziwazi, mbele za watu, na anajua kabisa anachokikataa. Profesa akatambaa chini ya viti, bado anapiga miluzi, akamfikia Mtukufu, akamnong'oneza.

Mtukufu akageuka rangi. Akawaangalia waandishi wa habari. Akaangalia kamera. Polepole akainua viganja vyake, akaanza kupiga makofi.

*

Sauti ya Mwanamvua ilianza kuchanika. Alimgeukia Bi Tatu, bila kuacha kupiga, akamwonyesha kwa macho dirisha la wodi. Bi Tatu akatazama. Akamwona nesi, akawaona watoto. Mwanamke yule mnene hakuuliza kitu. Alivuta pumzi mpaka kanga ikambana, akaipokea sauti ya kwanza, ile nzito, ya kukwaruza, akamsukuma Mwanamvua mgongoni kwa kiganja: nenda.

Mwanamvua akashuka jukwaani. Akapita katikati ya watu, na watu wakampisha wakicheza. Askari wawili wa mlangoni walikuwa wakipiga makofi, bunduki zinaning'inia. Funguo zilikuwa kiunoni mwa mmoja wao. Mwanamvua akazichomoa, naye akamtazama tu, viganja vinagongana. Ndani hapakuwa na sherehe. Palinuka dawa na mikojo. Nesi Apolonia alikuwa ameshawafungasha watoto.

"Wa kwako apite wa mwisho, dripu bado inamwingia," alisema. "Shika hii chupa, mama Idrisa, inyanyue juu. Juu zaidi."

Mama za watoto wengine, waliokuwa wamejichanganya uwanjani, kila mmoja akishangilia kwa mdomo na kulia kwa macho, walipouona mlango umefunguka walikuja wakishangilia, wakachukua kila mmoja wake, wakaondoka wakishangilia. Mwisho wakabaki Mwanamvua na Apolonia. Idrisa alikuwa wa moto, mwepesi, mdomo umekauka. Mwanamvua akampakata kifuani, chupa ya dripu ameiinua kwa mkono mmoja.

Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea isipokuwa geti kuu, mbele ya jukwaa. Akaenda. Hakuwa na sauti tena. Hata angetaka kupiga, koo lilikuwa limefunga. Alitembea midomo imefumbwa, mbele za watu wote, naye anajua.

Askari wa geti alimwona. Kijana, mashavu membamba. Aliiona ile midomo iliyofumbwa na akaelewa, maana sheria aliijua kwa moyo. Alitaka kuishika bunduki. Ili aishike ilibidi aache kupiga makofi. Akaitazama bunduki yake, akawatazama wenzake pande zote mbili, nao walikuwa wakimwangalia viganja. Akaendelea kupiga makofi. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Mwanamvua akampita karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Nyuma huko sauti ya Bi Tatu ilipanda, ikakatika, ikaanza tena, chini kidogo kuliko mwanzo. Dereva wa katapila alikuwa ameketi, tai imemlegea, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukijipiga pajani. Mwanamvua hakugeuka. Alijua ni ulimi wa Bi Tatu utakaokatwa kwa ajili ya hatua hizi alizokuwa akipiga, na akazipiga haraka. Apolonia akimfuata, wakavuka barabara, Idrisa akakohoa kwenye shingo yake, kikohozi chenye unyevu, akavuta hewa, akaitoa, akavuta nyingine.